Wezi wa Ukungu

Mtu huweza kuibiwa mbuzi, huweza kuibiwa kuku, na wanaosafiri kwenda mjini husimulia kwamba huko mtu huibiwa viatu na miguu yake imo ndani. Lakini katika pwani nzima ya Chile, Bi Eduvina Araya wa kijiji cha Las Sábilas ndiye pekee aliyedai kuibiwa ukungu. Mwizi wake alimjua kwa jina, kwa sura na kwa ukoo. Balaa ni kwamba jioni ya leo mwizi huyohuyo alikuwa anakuja na baba yake kumposa Melania, binti yake wa pekee.

"Waje," alisema Bi Eduvina, akivitua vikombe mezani kimoja kimoja kama mtu anayepiga misumari. "Mkate nimeoka, parachichi nimeponda. Watakula, watakunywa chai, watarudi kwao. Binti hawapati."

"Mama, ukungu hauibwi," Melania alisema, akiwa mbele ya kioo kidogo cha jikoni akihangaika na shungi la nywele lililokataa kulala.

"Hauibwi? Hebu nijibu. Ukungu unatoka wapi?"

"Baharini."

"Unapanda kwenda wapi?"

"Kilimani."

"Na kabla haujafika kwenye wavu wangu unapita kwa nani?"

Melania akajifanya hakusikia.

"Unapita kwa akina Cortés!" mama yake akamjibia. "Wanaukamua huko mbele, wanaukamua weee, mpaka ukinifikia mimi umeshakuwa upepo mtupu. Nimwagilie nyanya zangu upepo? Nikupikie chai ya upepo?"

Las Sábilas mvua ni mgeni wa mbali, akija haketi. Watu wanakunywa ukungu. Marehemu Evaristo, baba yake Melania, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimika nguzo mbili pale juu ya kilima na kutandaza wavu mweusi katikati yake, ili kamanchaka, ule ukungu mzito wa bahari, ukipita uache matone. Matone yanateremka kwenye mfereji, mfereji unaingia kwenye bomba, bomba linashuka hadi kwenye tangi la Bi Eduvina. Tangu mumewe afariki, mama huyo hakuruhusu mtu mwingine auguse wavu ule isipokuwa Melania. Kisha mwaka jana Eliseo Cortés, mtoto wa mfuga mbuzi, akaja na nguzo zake akausimika wavu wake mbele kabisa ya ule, upande wa baharini. Bi Eduvina alipouona, alikaa siku nzima bila kula, na kwa mtu mwenye mwili wake hilo lilikuwa tamko la vita.

Asichojua mama ni kwamba kila alfajiri Melania alipopanda kukaza waya na kuusafisha wavu, kulikuwa na mtu wa pili akikaza waya zake hatua chache mbele, ndani ya ukungu usioonyesha hata ncha ya pua. Mwanzoni walisalimiana bila kuonana. Halafu wakaanza kutaniana. Halafu yeye akawa anaimba, vibaya sana, na Melania akawa anamwambia anyamaze huku akiomba moyoni asinyamaze. Melania aliipenda sauti kabla hajaipenda sura, na siku jua lilipotoboa mapema akaiona ile sura kwa karibu, hakuona sababu ya kubadili mawazo. Sasa alikuwa anampenda mtu huyo kiasi cha kukosa usingizi, na kama mama angesema hapana leo, hakujua kesho angeamkia nini.

Mbwa akabweka. Wageni wamefika.

Mzee Nolberto Cortés alitangulia, kofia mkononi, donge la jibini la mbuzi kwapani. Alikuwa mtu wa kupiga kelele, si kwa ubaya, ila kwa kuwa maisha yake yote alizungumza na mbuzi walioko mlima wa pili.

"BI EDUVINA! HABARI ZA HAPA!"

"Nasikia, jirani. Na kijiji cha pili wamesikia. Ketini."

Nyuma yake aliingia Eliseo, nywele zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa, koti la harusi ya baba yake limembana hata mikono haishuki vizuri. Akamtazama Melania. Melania akamtazama yeye. Bi Eduvina akawatazama wote wawili, kisha akasogeza birika katikati yao ili wasionane.

"Sasa, jirani," Mzee Nolberto alianza, akikohoa kidogo, "sisi si watu wa kuzunguka mbuyu, maana—"

"Basi msizunguke. Mmekuja kumtaka Melania. Jibu langu ni wavu."

"Wavu?"

"Wavu wenu ushuke. Leo, sasa hivi. Chai haitamiminwa hapa mpaka ule wavu uwe chini. Ukishuka ndiyo tutazungumza."

"UKUNGU NI WA MUNGU, MAMA WEE!"

"Mungu anauleta, ninyi mnaukata njiani! Mungu hakutuma ukoo wa Cortés!"

"Tena mimi nilitaka tuuweke kilima cha kusini!" Mzee alisema, uso umemwiva. "Kule ukungu ni mzito kama maziwa ya mbuzi aliyezaa jana. Huyu hapa ndiye aling'ang'ania pale pale. 'Pale baba, pale ndipo penyewe.' Kwa mbuzi mia nilio nao, mwaka mzima tangi langu halijafika nusu!"

Macho ya Bi Eduvina yakamgeukia Eliseo taratibu. Kijana akaanza kuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Nitaushusha," akasema, akasimama. Kiti kikaanguka. "Sasa hivi, Bi Eduvina. Kabla maji hayajachemka."

"Kaa chini wewe!" baba yake akafoka. "Nje kamanchaka imeshashuka, huoni hata mkono wako!"

"Baba, kilima kile nakijua kuliko chumba changu."

Akamtupia Melania jicho moja, la mtu anayekwenda vitani kwa ajili ya mwanamke, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ukungu ukammeza pale pale mlangoni.

Wakabaki watatu na birika, nalo Bi Eduvina akaliweka motoni. Birika likaanza kuimba, likachemka, Bi Eduvina akaliondoa motoni, akalirudisha, akaliondoa tena. Mzee Nolberto aliutazama mkate kwa majonzi. Melania akavumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Naenda kuleta kuni," alisema.

"Kuni zimejaa hapo," mama akasema.

"Hizo ni mbichi," Melania akajibu, naye akatoka mbio kabla hajaulizwa tangu lini kuni zilizokaa miezi jikoni zikawa mbichi.

Alipanda kwa kupapasa, akifuata bomba kwa mguu. Ukungu ulikuwa umelala kilimani mzito, baridi, wenye harufu ya mwani. Matone yalimning'inia kwenye kope.

"Eliseo!"

"Huku!" Sauti ilikuja na furaha tele. "Njoo uone! Nimemaliza, mpenzi wangu! Nimemaliza peke yangu!"

Alimkuta ameketi juu ya wavu uliokunjwa vizuri kama shuka, koti limechanika mgongoni, amejaa matope na fahari. Akasimama, akaichukua mikono ya Melania miwili, akaiweka kifuani kwake.

"Nimesikia mama yako anasema tutazungumza. Tutazungumza, Melania! Nilikuwa nafungua kila kifundo nikitaja jina lako. Vifundo ni vingi, mpaka jina likaanza kunichanganya."

Melania alicheka. Alitaka kuegemeza kichwa chake kifuani pale na kusahau chai na vikombe. Lakini jicho lake likaangukia ule wavu uliokunjwa, na pembeni yake akaona kiraka.

"Eliseo. Huu wavu una kiraka chekundu."

"Nimekiona. Nikajiuliza, baba amekitia lini?"

"Nimekitia mimi."

Maji yalisikika yakidondoka mahali fulani mbele yao.

"Umekitia wewe kwenye wavu wa baba yangu?" Eliseo akauliza polepole, kama mtu anayesogelea shimo.

"Umepanda kwa njia gani?"

"Ya kwenu. Nimetokea mlango wa nyuma."

"Ukipanda kwa njia ya kwenu, wavu wa kwanza ni wa nani?"

"Wa kwetu. Siku zote wavu wa kwanza ni wa..." Akasita. "Na kwa njia ya kwenu?"

"Wa kwetu."

"Yesu na Maria."

"Umeushusha wavu wa marehemu baba yangu."

Eliseo aliketi chini kwenye matope. Kisha akasimama ghafla, akaufungua ule wavu kwa fujo, akaanza kutafuta ncha.

"Shika huku! Tuurudishe. Hatajua. Tutafunga haraka, tushushe wa kwetu, tushuke. Melania, mpenzi, hiki ndicho cha juu au cha chini?"

"Hicho ni mfuko wa koti lako!"

Walifunga. Vidole vimekufa ganzi, vifundo vinateleza, na kila Melania alipofunga upande huu, Eliseo alifungua upande ule kwa haraka yake mwenyewe. Walikuwa wameshapandisha kona moja, na Eliseo ameukumbatia waya mzito kwa mikono yote miwili ili usiachie, ndipo waliposikia sauti zinapanda kutoka chini.

"Usinishike!"

"SAWA, TUMBUKIA KORONGONI!"

"Nishike basi. Mkono, Nolberto! Nimesema mkono!"

"Nilidhani ni mkono, mama. Hapa sioni kitu."

Melania aliganda. Mama yake, ambaye hakuwa amepanda kilima kile tangu mazishi, alikuwa anakuja kuhakikisha kwa macho yake mwenyewe. Akamwekea Eliseo kiganja mdomoni. Hakikuhitajika, lakini Eliseo hakulalamika.

Hatua zikakaribia, zikakaribia, kisha zikakoma hatua chache tu kutoka kwao, nyuma ya ukuta mweupe wa ukungu.

"Tupumzike," Bi Eduvina alihema. "Hapa kuna jiwe. Evaristo alikuwa anakaa hapa."

Walisikika wakiketi. Halafu Mzee Nolberto akazungumza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alizungumza kwa sauti ya chini.

"Jirani, nikuulize, usinikasirikie. Mimi nilipita kwako juzi. Tangi lako limejaa mpaka linamwagika. Nyanya zako ni nene kuliko ngumi yangu. Ukungu gani tumekuibia?"

Melania akasubiri mama alipuke. Mama hakulipuka.

"Hamkuniibia," Bi Eduvina akasema hatimaye. "Ukungu wa hapa unatosha kijiji kizima."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wewe una wake wa wanao, una wajukuu, una mbuzi mia wa kuwapigia kelele. Mimi nina Melania. Jioni nikiweka vikombe, naweka viwili. Yeye akiondoka nitaweka kimoja, Nolberto? Nimimine chai, niitazame, niinywe, nikalale? Nilipata kisingizio cha wavu nikakishikilia. Mtu anayezama haulizi kamba imetoka wapi."

Machozi yalimtoka Melania bila ruhusa, yakachanganyika na matone ya ukungu. Mwaka mzima amegombana na mama yake juu ya maji. Kumbe hapakuwa na ugomvi wa maji. Alihisi aibu, na chini ya aibu ile alihisi mapenzi makubwa kwa yule mwanamke mnene aliyeketi juu ya jiwe baridi.

"Lakini wewe mama," Mzee Nolberto alisema, "kwani wanahamia Santiago? Wanajenga nyuma ya zizi langu. Ukipiga chafya kwako, kwangu tunasema 'pole'."

Ni hapo waya ulipoteleza mikononi mwa Eliseo. Ulilia *ting!* kama gitaa lililokatika uzi, nguzo ikatikisika, na kona yote waliyokuwa wamehangaika nayo ikaporomoka.

"Nani huyo?" Bi Eduvina akafoka.

"Mbuzi," akajibu Eliseo.

"Mbuzi wangu wana akili," Mzee Nolberto akasema, "lakini hawajafikia kujitaja."

Wazee wakatokea kwenye ukungu wameshikana mikono. Walipoona wameonekana, wakaachana kwa kasi. Bi Eduvina alimtazama binti yake aliyelowa, akamtazama kijana mwenye koti lililopasuka, akatazama chini. Akakiona kiraka chekundu. Akainua macho kwenye nguzo mbili za marehemu mumewe, zikiwa uchi.

"Huu ni wavu wangu," alisema.

"Ndiyo, Bi Eduvina," Eliseo akasema.

"Nilikwambia ushushe wa kwenu."

"Ndiyo."

"Ukashusha wa kwangu."

"Nilipanda kwa njia ya kwenu. Wa kwanza... siku zote wa kwanza ni..." Akaona maelezo yanamzamisha, akayaacha. Akavua kile kipande cha koti kilichobaki, akasimama wima, amelowa, anatetemeka. "Bi Eduvina, nimekosa. Na niseme yote nimalize. Ni kweli baba alitaka kilima cha kusini, na kusini ndiko kwenye ukungu. Nimeweka wavu hapa kwa sababu hapa ndipo Melania anapokuja kila asubuhi. Sikufuata maji. Nilimfuata yeye."

"NINI?" Mzee Nolberto alirudiwa na sauti yake ya zamani. "MWAKA MZIMA MBUZI WANGU WANAKUNYWA NUSU TANGI KWA AJILI YA MAPENZI YAKO?"

"Ndiyo, baba."

"Mbuzi wa watu wana kosa gani?"

Melania hakuwasikiliza tena. Alimwendea mama yake.

"Mama. Tulikuwa hapa. Nimesikia."

"Hujasikia kitu. Ukungu unabadilisha sauti."

"Nimesikia yote. Mama, nampenda huyu mtu. Nampenda, na sitakudanganya. Lakini kama ni vikombe, nitakuja. Kila jioni nitakuja kunywa chai na wewe."

"Kila jioni!" Bi Eduvina alijivutia shali, sauti imekwaruza. "Na mumeo ale nini, majani? Nani kakwambia nakutaka kila jioni? Na mimi nipumzike lini?"

Eliseo alikuwa amekwishapiga magoti, anakusanya wavu wa marehemu kwa upole, anafuta matope kwa shati lake.

"Nitaurudisha huu kwanza," alisema. "Waya kwa waya, kama ulivyokuwa. Kisha nitaung'oa wa kwetu. Kesho nitaupeleka kusini, hutauona tena, Bi Eduvina. Hutaniona na mimi nikikusumbua huku mbele."

"Huu urudishe," Bi Eduvina akasema. "Wenu usiuguse."

Eliseo akainua kichwa. "Niuache? Pale pale mbele?"

"Pale pale."

"Lakini ulisema—"

"Najua nilichosema! Mbona kijana huyu hafahamu? Ukiuondoa, mimi kesho nikiamka nigombane na nani? Na Nolberto? Huyu hasikii. Wavu ubaki pale mbele. Na kila asubuhi ukitoka kuukaza, upite kwangu, nikuite mwizi, ujibu unachojibu, unywe chai, uende zako. Usipokuja siku moja nitakufuata."

"Jirani," Mzee Nolberto aliuliza kwa tahadhari, "kwa hiyo umekubali?"

"Nimesema nimekubali? Nimesema wavu ubaki."

Lakini Melania alimjua mama yake. Alimrukia shingoni hata wote wawili wakayumba, na Mzee Nolberto akalazimika kuwashika wasije wakatumbukia korongoni. Alicheka na kulia kwa pamoja, uso wake umezama kwenye ile shali iliyolowa chapachapa.

"Niachie," Bi Eduvina akasema, akimpigapiga mgongoni. "Unanilowesha. Niachie nimesema, chai imepoa huko." Lakini mikono yake mwenyewe ilikuwa imemshika binti yake kiasi kwamba Melania, hata kama angetaka, asingeweza kujitoa.